Viashiria vya Kinga Katika Majimaji ya Kinywa: Somo kwa Wilaya ya Rungwe

Kinywa cha binadamu huwa na unyevu saa zote, na katika mazungumzo ya kila siku unyevu huo wote huitwa mate. Hata hivyo, kwa wanaochunguza kinga ya mwili, yaani namna mwili unavyovitambua vimelea na kupambana navyo, jina hilo moja hufunika majimaji ya aina kadhaa yenye chimbuko tofauti, na kila aina hubeba ushahidi wake kuhusu afya ya mtu. Yapo mate yanayotoka moja kwa moja katika tezi, yapo majimaji machache mno yanayochuruzika kutoka kwenye kijifereji kilichopo kati ya jino na ufizi, yapo yanayopenya taratibu kupitia utando laini unaofunika fizi na mashavu kwa ndani, na upo mchanganyiko wa yote hayo, ambao ndio mtu huumeza au kuutema. Ushahidi unaobebwa humo huitwa viashiria vya kinga: ni protini au chembe hai ambazo kuwepo kwake, au wingi wake, huonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kimelea fulani, au kwamba mahali fulani pana uvimbe unaoendelea.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kiashiria cha kinga hakisomeki sawasawa mpaka ijulikane kimetoka katika majimaji yapi, na kwamba ujuzi huo, ambao kwa muda mrefu umebaki katika maabara na vyuo, sasa unahitajika katika zahanati na majumbani mwa watu wa Tukuyu, Kiwira na Katumba. Rungwe ni wilaya yenye Hospitali ya Makandana, yenye hospitali ya misheni ya Igogwe, na yenye kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Ni wilaya ambayo huduma yake ya kung'oa meno vijijini iliwahi kuchunguzwa na kuandikwa katika majarida ya kimataifa. Tena ipo katika mkoa wa Mbeya, ambao virusi vya UKIMWI (VVU) vimeuandama tangu miaka ya 1980. Mambo hayo yote yanakutana kinywani.

Mfano mmoja wa kijiografia unaweza kusaidia. Mto Kiwira hupokea vijito vingi kutoka miteremko ya Mlima Rungwe na safu zake kabla ya kufika Kyela na kuingia Ziwa Nyasa, na mtu anayechota maji karibu na ziwa akayakuta yana tope hawezi kusema tope hilo limeletwa na kijito kipi mpaka apande juu akachote katika kila kijito peke yake. Mate yaliyotemwa kwenye kichupa ni maji ya chini ya mto: yana kila kitu, lakini hayasemi kila kitu kimetoka wapi.

Sehemu kubwa ya mate hutengenezwa na jozi tatu za tezi kubwa, ambazo ni tezi za mbele ya sikio, tezi za chini ya taya na tezi za chini ya ulimi, zikisaidiwa na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mtu akiwa ametulia bila kula, sehemu kubwa ya mate yake hutoka katika tezi za chini ya taya, lakini mara tu anapoanza kutafuna, tezi za mbele ya sikio huamka na kumwaga mate mepesi kwa wingi; usingizini mtiririko hukaribia kukoma, na ndiyo sababu kinywa huamka kikavu. Mabadiliko haya yana uzito katika upimaji kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kiasi cha kiashiria katika kila mililita hupungua mate yanapotiririka kwa kasi, hata kama mwili haujapunguza utengenezaji wake, na mtafiti anayechukua sampuli ya mtu mmoja asubuhi kabla ya chai na ya mwingine baada ya chakula cha mchana atakuwa amelinganisha saa za siku badala ya kulinganisha watu.

Kiashiria kikuu cha mate ya tezi ni kingamwili inayoitwa imunoglobulini A ya mate, kwa kifupi IgA. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ishikamane na kimelea mahususi, na zipo za aina kadhaa. Ile ya IgA inayotolewa na tezi ilielezwa kwa kina mwaka 1965 na Thomas Tomasi na wenzake nchini Marekani, walioonyesha kwamba inatofautiana kimaumbile na IgA ya kwenye damu. Chembe zinazoitengeneza hukaa ndani ya tezi yenyewe, huziunganisha molekuli mbili kuwa moja, kisha chembe za ukuta wa tezi huipokea, huivusha na kuiongezea kipande cha protini kinachoikinga isimeng'enywe upesi. Kazi yake ni kuvizuia vimelea visishike kwenye meno na utando wa kinywa, ili vimezwe pamoja na mate. Jambo la kushika hapa ni kwamba IgA hiyo ni zao la tezi, haikuvuja kutoka damuni, na kwa hiyo huweza kupanda au kushuka bila damu kuonyesha badiliko lolote.

Pamoja na kingamwili hiyo, mate yana walinzi wengine ambao hawachagui kimelea. Laisozaimu, kimeng'enya kinachotoboa kuta za bakteria, iligunduliwa na Alexander Fleming mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla hajagundua penisilini. Laktoferini huyafunga madini ya chuma ili bakteria wasiyapate. Histatini huzuia fangasi, na upungufu wake ni miongoni mwa mambo yanayochunguzwa kwa watu wanaopata utando mweupe wa fangasi kinywani, dalili ambayo wauguzi wa mkoa wa Mbeya waliizoea mapema katika historia ya UKIMWI. Tezi zenyewe nazo huweza kuugua: kwa mtoto, kuvimba kwa muda mrefu kwa tezi za mbele ya sikio bila maumivu ni mojawapo ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha katika hatua za awali za ugonjwa wa VVU, na hutokana na chembe nyeupe za damu kujikusanya ndani ya tezi.

Majimaji ya pili ni machache kiasi kwamba hayaonekani kwa macho, lakini kwa mtu anayetaka kujua hatima ya meno ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Kati ya shingo ya jino na ukingo wa ufizi pana kijifereji chembamba, chenye kina cha milimita chache tu, na mwaka 1958 Nils Brill na Bo Krasse walionyesha kwamba rangi ya kung'aa iliyoingizwa mwilini hutokea baadaye katika kijifereji hicho, jambo lililothibitisha kwamba kimiminika kutoka mishipa midogo ya damu hupita ndani ya ufizi na kutokeza kando ya jino. Ufizi ukiwa mzima, kimiminika hicho ni sehemu ndogo ya maikrolita kwa dakika, yaani ni kidogo kuliko tone la mvua kwa mamia ya mara. Ufizi ukivimba, huongezeka. Hukusanywa kwa kuchomeka kipande chembamba cha karatasi ya kufyonza kwenye kijifereji kwa sekunde chache, kisha kiasi kilichofyonzwa hupimwa kwa mashine maalumu.

Humo ndani hali ni tofauti kabisa na ile ya mate. Kingamwili inayotawala ni IgG, ile iliyo nyingi zaidi katika damu, kwa sababu kimiminika hiki kimetoka damuni. Chembe nyeupe zinazoitwa nutrofili, ambazo ni askari wa mstari wa mbele wa kinga, huingia kinywani kupitia vijifereji hivi kwa maelfu kila dakika hata kwa mtu mwenye fizi nzuri. Zipo pia sitokini, yaani protini ndogo ambazo chembe hai huzitumia kupashana habari za hatari, hasa intalukini-1 beta, intalukini-6 na intalukini-8. Na kipo kimeng'enya kinachokata nyuzi za kolajeni zinazoshikilia jino katika taya, ambacho wataalamu hukiita MMP-8. Nutrofili zikipambana na bakteria wa ukoga kwa muda mrefu, kimeng'enya hicho humwagika kwa wingi na kuharibu tishu za mwenye nyumba mwenyewe, na hapo ndipo ugonjwa wa fizi unapovuka kutoka uvimbe unaotibika hadi upotevu wa mfupa usiorudi.

Umuhimu wa jambo hili kwa Afrika Mashariki unadai maelezo marefu, kwa kuwa hapa ndipo dhana iliyozoeleka ilipoangushwa kwa ushahidi uliotoka Tanzania. Katikati ya karne ya 20 ilifundishwa kwamba ukoga ukiachwa huleta uvimbe wa fizi, uvimbe ukiachwa hula mfupa, na mfupa ukiliwa jino hung'oka, tena kwa kila mtu. Ikahitimishwa kwamba watu wa vijijini Afrika, wasiokuwa na daktari wa meno, wangepoteza meno yao mapema kwa sababu ya fizi. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha uchunguzi wao wa watu wazima nchini Tanzania ambao hawakuwa na huduma ya meno ya maana, na walichokikuta ni ukoga mwingi na fizi zinazotoka damu karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ukiwa umekusanyika kwa watu wachache na katika meno machache. Uchunguzi uliofuata Machakos, Kenya, ulielekea njia hiyo hiyo. Mwaka huohuo wa 1986 Harald Löe na wenzake walitoa matokeo ya miaka 15 ya kuwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno: takribani asilimia 8 waliharibikiwa haraka, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuendelea zaidi ya uvimbe wa ufizi.

Wakulima na wachumaji chai wa Katumba na Mwakaleli, wanaofanya kazi inayofanana na ya wale wa Sri Lanka katika vilima vinavyopata mvua karibu mwaka mzima, wana haki ya kuyajua matokeo hayo, kwa kuwa yanaeleza kitu ambacho kila familia imekiona bila kukipatia sababu: ndugu wawili waliolelewa nyumba moja, wakala ndizi na maziwa yale yale na kutumia mswaki wa aina moja, mmoja anafika uzeeni na meno yake yote na mwingine anaanza kulegea meno akiwa na miaka 35. Ukoga peke yake hautoshi kueleza tofauti hiyo. Kinachobaki, pamoja na aina ya bakteria, uvutaji wa tumbaku na magonjwa kama kisukari, ni namna kinga ya kila mtu inavyojibu, na jibu hilo limeandikwa katika kimiminika cha kijifereji cha ufizi, tena jino kwa jino. Hata ndani ya kinywa kimoja, karatasi iliyochomekwa kando ya jino gonjwa huleta viwango vya juu vya intalukini na MMP-8 huku ile ya jino la jirani ikirudi karibu tupu. Mate yaliyotemwa huyachanganya majibu yote hayo kuwa wastani mmoja. Ni kweli kwamba vipo vipimo vya MMP-8 vinavyotumia mate ya suuzo na vinavyofaa kuchuja watu wengi kwa haraka, lakini daktari anayetaka kujua ni jino lipi liko hatarini hana budi kurudi kwenye kijifereji chenyewe.

Ikumbukwe kwamba tatizo kubwa la kinywa lililowapeleka watu wa Rungwe kutafuta huduma lilikuwa maumivu ya jino lililooza. M. K. Ntabaye, pamoja na Flemming Scheutz na Sven Poulsen wa Denmark, walichapisha mwaka 1998 uchunguzi wa huduma ya dharura ya meno katika wilaya hii, ambapo matabibu wasaidizi wa vijijini walikuwa wamefundishwa kung'oa meno kwa ganzi katika vituo vya afya, ili mgonjwa asilazimike kusafiri hadi hospitalini kwa maumivu ya jino moja. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na thamani yake haikuishia katika kuondoa maumivu: ulionyesha kwamba mhudumu wa ngazi ya chini, akifundishwa vizuri, anaweza kufanya kazi ya kinywani kwa usalama na kwa kuridhisha wagonjwa. Mhudumu anayeweza kuchoma ganzi katika ufizi hawezi kushindwa kuchomeka karatasi ya kufyonza kando ya jino au kupitisha kijiti cha kupimia juu ya ufizi.

Majimaji ya tatu ndiyo ambayo wakazi wengi wa Mbeya wameyasikia bila kujua jina lake. Utando unaofunika kinywa kwa ndani una mishipa mingi midogo ya damu, na kimiminika cha damu hupenya humo taratibu kikiwa na IgG. Mtu akifuta fizi kwa kijiti chenye kipande cha pamba, hukusanya kimiminika hicho pamoja na kile cha kijifereji, na humo IgG huwa nyingi kuliko katika mate yaliyotemwa. Katika mate ya kawaida IgG ni mikrogramu chache tu kwa mililita, ilhali katika damu ni miligramu kama kumi, yaani tofauti ya karibu mara elfu moja au zaidi, na ndiyo sababu kipimo cha kingamwili kinachotegemea mate matupu huweza kukosa kitu ambacho damu ingekionyesha waziwazi.

Msingi huo ndio uliotumika kutengeneza kipimo cha VVU cha kufuta fizi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikikubali kwa matumizi ya wahudumu wa afya mwaka 2004 na kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2012, na Shirika la Afya Duniani likakiidhinisha kwa kujipima mwaka 2017. Tanzania, ambayo sheria yake ya kinga na udhibiti wa VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 haikuruhusu mtu kujipima, iliibadilisha sheria hiyo bungeni Novemba 2019, ikaruhusu kujipima na pia ikashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliukuta na kiwango cha maambukizi cha asilimia 9.6 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, huku cha taifa kikiwa asilimia 4.4, badiliko hilo halikuwa dogo, kwa kuwa wapo wanaume wengi, hasa madereva, wafanyabiashara wa ndizi na vibarua, ambao hawangekanyaga kliniki lakini watafuta fizi zao chumbani wakiwa wamefunga mlango.

Kipimo kinachotafuta kingamwili hakimwoni kirusi, na hapo ndipo elimu ya majimaji inapokuwa suala la uhai. Mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita hana kingamwili za kutosha, na kimiminika cha ufizi, chenye kingamwili chache kuliko damu, huchelewa zaidi kuonyesha; kwa hiyo jibu la hasi huaminika tu ikiwa miezi mitatu imepita tangu mtu awe katika hatari. Katika majaribio yaliyopelekea kuidhinishwa kwake nchini Marekani mwaka 2012, watu wenye VVU waliojipima wenyewe kwa kufuta fizi walipata jibu sahihi la chanya kwa asilimia kama 92, maana yake ni kwamba kati ya kila watu 12 wenye VVU, mmoja aliambiwa hana. Majibu ya chanya yasiyo ya kweli yalikuwa machache mno, kama mtu mmoja kati ya 5,000 wasio na maambukizi, lakini hata hivyo kila chanya lazima ithibitishwe kwa damu. Kwa watoto wachanga hali ni nyingine kabisa: IgG ya mama huvuka kondo la nyuma na kubaki katika mwili wa mtoto kwa miezi mingi, hivyo kabla ya miezi 18 kipimo cha kingamwili, kiwe cha damu au cha ufizi, humsoma mama ndani ya mtoto, na ni lazima kitafutwe kirusi chenyewe.

Kinywa cha mtoto mchanga kina somo jingine lililotoka Nairobi. Katika miaka ya 1990, wakati wa utafiti wa unyonyeshaji kwa kina mama wenye VVU, Carey Farquhar, Dorothy Mbori-Ngacha na wenzao walikusanya mate ya watoto na kupima humo protini ndogo inayoitwa kwa kifupi SLPI, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzuia vimeng'enya vya chembe nyeupe visiharibu tishu, lakini ambayo maabara zilikuwa zimeonyesha kwamba humzuia pia kirusi cha UKIMWI. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watoto waliokuwa na SLPI nyingi zaidi katika mate walikuwa na hatari ndogo ya kuambukizwa kupitia maziwa ya mama baada ya mwezi wa kwanza. Leo mtoto hulindwa kwa mama kutumia dawa za kudhibiti VVU (ARV) na mtoto kupewa dawa, wala hakuna anayependekeza kutegemea mate. Lakini uchunguzi huo ulidokeza kwamba mate ya kiumbe wa siku chache tayari ni sehemu ya kinga, na ulifanyika katika nchi jirani, kwa watoto wa huku.

Yapo mambo ambayo kinywa hakijaweza kuyasema, na haifai kuyaficha. Kifua kikuu hutafutwa katika makohozi yanayotoka mapafuni, na mgonjwa anayetema mate kwenye chombo cha maabara kwa kudhani ni kitu kimoja hupoteza nafasi yake ya kugundulika mapema. Muuguzi anayemwelekeza vizuri anaokoa wiki kadhaa za ugonjwa. Malaria nayo imejaribiwa kupimwa katika mate kwa kutafuta protini ya vimelea, lakini kiwango kinachopatikana ni cha chini kuliko cha damu. Kwa upande wa usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana katika mito yenye kasi, ambao umekuwapo katika mabonde ya Tukuyu na kuchunguzwa na watafiti wa kituo cha NIMR, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka damu ya watoto wa chini ya miaka 10 ipimwe kingamwili iitwayo Ov16, na maambukizi yahesabiwe kuwa yamekoma pale tu inapoonekana kwa chini ya asilimia 0.1 ya watoto. Kuchoma vidole vya maelfu ya watoto wa shule ni kazi kubwa, na swali la kama kimiminika cha ufizi kingeweza siku moja kuchukua nafasi ya tone la damu ni swali halali ambalo wilaya iliyoujua ugonjwa huo na yenye kituo cha utafiti ina sababu ya kuliuliza kabla ya wengine.

Utafiti wa aina hiyo ukifanyika Rungwe utapaswa kuyashughulikia mambo ambayo vitabu vya Ulaya huyapita haraka. Fizi zinazotoka damu ni za kawaida miongoni mwa watu wazima, na damu kidogo ikichanganyika na mate hupandisha IgG kiasi cha kudanganya. Ndiyo sababu sampuli hupimwa pia hemoglobini au transferini, protini za damu zinazoonyesha kama sampuli imechafuliwa. Sitokini huharibika upesi kwenye joto, hivyo sampuli iliyochukuliwa kijijini asubuhi lazima iwekwe kwenye barafu na kugandishwa siku hiyohiyo, na hapo barabara na umeme huwa sehemu ya sayansi. Wapimaji wakubaliane kuhusu saa ya kuchukua sampuli, muda tangu mtu alipokula, na kama mate yalitiririka yenyewe au yalichochewa kwa kutafuna. Mkusanyaji wa mate ya tezi ya mbele ya sikio hutumia kikombe kidogo kinachonyonya juu ya tundu la tezi, lililo shavuni mkabala na gego la pili la juu, na kazi hiyo hudai mkono uliozoea. Wenye mkono huo wapo: matabibu wa meno wamefundishwa Mbeya, na madaktari wa meno wamefundishwa Muhimbili tangu mwaka 1979.

Jambo linaloweza kufanyika bila kusubiri utafiti wowote ni maelezo yanayotolewa pamoja na kipimo cha kujipima, na hapa waganga wa zahanati, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa dini wa Rungwe wanaombwa wayaseme kwa ukamilifu. Mtu asile wala kunywa chochote, hata chai, kwa dakika 15 kabla ya kujipima, na asitumie dawa ya meno kwa dakika 30. Asiteme mate kwenye kifaa. Apitishe kijiti mara moja juu ya fizi za juu na mara moja juu ya fizi za chini, kwa kuwa kinachotafutwa kimo katika majimaji ya ufizi. Jibu asilisome kabla ya dakika 20 wala baada ya dakika 40. Akiona mistari miwili, aende kituo cha afya apimwe damu, na akiona mmoja ilhali alikuwa katika hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, arudie baadaye. Na yule ambaye tayari anatumia ARV asijipime kwa kifaa hiki kwa nia ya kujua kama amepona, kwa sababu dawa zinapomdhibiti kirusi kingamwili katika fizi huweza kupungua hadi kifaa kisizione, na mstari mmoja atakaouona hautakuwa sababu ya kuacha dawa.